Kukausha, kugandisha au kutia chumvi: majani ya viungo yanatunzwaje vizuri zaidi?

Mrehani ukishaipenda bustani yako, haukuulizi unapika mara ngapi kwa wiki. Unaukata leo, baada ya wiki mbili umerudi pale pale, na ukiuacha unatoa maua na majani yanapoa ladha. Nanaa ndiyo usiseme: ukiipa kona, inachukua kitalu kizima. Hapo ndipo swali linapokuja, haya yote yaende wapi?

Wengi tunajibu kwa mazoea. Aliyezoea kukausha anakausha kila kitu, mwenye friza anagandisha kila kitu. Mimi nilikuwa kundi la kwanza, hadi siku nilipofungua kopo la majani ya giligilani (wengine huyaita kotmiri, wengine dania) niliyoyakausha kwa uangalifu wote. Rangi ilikuwepo, umbo lilikuwepo. Nikanusa. Nyasi. Nilikuwa nimehifadhi nyasi, tena kwenye kopo zuri lenye mfuniko wa kukaza.

Kukausha hakukuwa na kosa lolote. Kopo la thaimu lililokaa pembeni yake, lililokaushwa siku ile ile kwa njia ile ile, lilikuwa linanukia hadi raha. Kosa langu ni kuchagua njia kabla sijaliangalia jani.

Kwanza shika shina

Chukua kitawi ukipinde. Kama shina ni gumu kama kijiti na majani ni madogo au manene, uko na rozimeri, thaimu, oregano, seji na jamaa zao. Hawa wana maji machache kuliko wenzao, na harufu yao inavumilia kukauka: thaimu ina thimoli, rozimeri ina kafuri na sineoli, na vitu hivyo hubaki kwa kiasi kizuri jani likikaushwa polepole.

Kama shina linapindika kama uzi na jani ukilifikicha linaacha unyevu vidoleni, uko upande wa pili: giligilani, pasli, shibiti, mrehani. Hapa maji ni mengi, mara nyingi zaidi ya asilimia 80 ya uzito, na harufu ni nyepesi. Ile harufu kali ya jani la giligilani inatokana na kemikali ziitwazo aldehaidi, ambazo hupotea mapema jani linapokauka. Ndiyo maana lile kopo langu lilikuwa na kila kitu isipokuwa giligilani yenyewe.

Nanaa haifuati mstari huu. Jani ni laini, lakini linakubali kukaushwa vizuri kabisa. Mrehani nao uko katikati: mkavu unanukia, ila si harufu ile ya jani bichi. Ni kama kiungo kingine chenye jina lile lile. Anayeutaka kwa mchuzi wa kuchemka muda mrefu hataona tofauti kubwa, lakini anayeutaka kwa ajili ya ule ubichi wake atasikitika.

Kukausha na kugandisha, uso kwa uso

Hizi mbili ndizo njia kubwa, na ndizo watu wanazosita kati yake. Zinapishana kwenye mambo machache yanayoonekana jikoni.

La kwanza ni nafasi. Kilo moja ya majani yenye asilimia 85 ya maji, ukiyakausha hadi unyevu ubaki kama asilimia 10, inakuwa chini kidogo ya gramu 170. Fungu lililojaza beseni linaingia kwenye chupa mbili tatu na kukaa kabatini bila kula umeme. Kugandisha hakupunguzi chochote. Maji yote yanabaki, na friza ndiyo inayobeba mzigo. Mwenye friza ndogo iliyojaa tayari atajua mapema jibu lake.

La pili ni umeme wenyewe. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kushikilia baridi kwa takriban saa 48 umeme ukikatika, na iliyojaa nusu takriban saa 24. Kama kwako umeme hukatika kwa siku kadhaa mfululizo, usiweke mavuno ya msimu mzima humo. Lakini kukausha nako kuna adui yake, nao ni unyevu wa hewa. Hewa ikiwa nzito, matawi uliyoyaning'iniza hayakauki, yanaoza taratibu. Yanaanza kuwa meusi kwenye fundo la kamba, kisha ukungu unaingia ndani ya fungu mahali usipoona. Msimu wa mvua nyingi, ama tumia kikaushio cha umeme, ama gandisha.

La tatu, na kwangu ndilo zito, ni unachotaka jani lifanye kwenye chakula. Jani kavu linahitaji muda na unyevu lifunguke, kwa hiyo linaingia mapema sufuriani. Lililogandishwa linaingia mwishoni, dakika chache kabla ya kuepua, tena bila kuliyeyusha kwanza. Na ukilikosea muda? Kavu likiwekwa mwishoni linabaki kama takataka juu ya mchuzi. Lililogandishwa likiwekwa mapema linapoteza ule ubichi ulioligharamia friza.

Hakuna kati ya hayo mawili litakalokupa jani la kupamba sahani. Maji yakiganda ndani ya jani hutengeneza vipande vya barafu vinavyopasua chembe zake, na likiyeyuka linalegea kama kitambaa kilicholowa. Ladha ipo, sura imekwenda. Anayetaka majani mabichi juu ya saladi hana budi kwenda bustanini.

Na vipimo navyo havifanani. Kijiko kimoja cha chai cha majani makavu husimama mahali pa vijiko vitatu vya mabichi. Yaliyogandishwa unapima kama mabichi tu.

Ukiamua kukausha

Kata asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali, na kabla mmea haujachanua. Osha ikibidi, kung'uta, tandaza juu ya kitambaa hadi tone la mwisho likauke. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoleta ukungu.

Kisha chagua kivuli. Jua kali linakausha haraka, ni kweli, lakini linapausha rangi na kuondoka na harufu. Funga matawi machache machache, matano hadi kumi, yaning'inize kichwa chini mahali penye hewa inayopita. Fungu nene linaonekana la kuvutia kwenye picha, ila katikati yake halikauki. Ukihofia vumbi, livishe mfuko wa karatasi uliotobolewa matundu.

Kikaushio cha umeme kinafanya kazi hiyo hiyo kwa saa chache. Kiweke kati ya nyuzi 35 na 45 za Selsiasi. Ukipandisha zaidi ili umalize haraka, nyumba nzima itanukia, na harufu unayoisikia ndiyo inayotoka kwenye majani yako. Oveni nyingi hazishuki hadi joto hilo, kwa hiyo kama huna njia nyingine, iweke chini kabisa, acha mlango wazi kidogo na usiondoke. Maikrowevu inawezekana kwa majani kidogo kati ya karatasi mbili za jikoni, dakika moja kwanza, halafu sekunde 20 au 30 kwa awamu. Usimamie pale pale, maana majani yaliyokauka yanaweza kushika moto.

Utajua yamekauka yanapovunjika kwa sauti na kijiti kinapokatika badala ya kupinda. Yaweke chupani yakiwa mazima, usiyasage. Jani lililosagwa lina uso mwingi unaokutana na hewa, na harufu haikai. Saga kiganjani wakati wa kupika. Kwa wiki ya kwanza ichungulie chupa kila siku: ukiona ukungu wa maji kwenye kioo, bado hayajakauka, yatoe urudie. Baada ya hapo, mahali penye giza na pasipo joto (si juu ya jiko, ambako wengi wetu tumepigilia rafu ya viungo), yanakaa miezi 6 hadi 12 yakiwa na maana.

Ukiamua kugandisha

Njia nyepesi ni kutandaza majani mabichi yasiyo na matone ya maji kwenye trei, kuyagandisha saa chache, kisha kuyamimina kwenye mfuko na kuukamua hewa. Yanabaki moja moja na unachota kiasi unachotaka. Pasli inafaa sana kwa hili. Shibiti pia, hata ukiiacha na vijitawi vyake.

Ya pili ni ya trei ya vipande vya barafu. Katakata majani, jaza kila kitundu, mimina maji yafunike, gandisha, kisha hamishia vipande kwenye mfuko. Badala ya maji waweza kutia mafuta ya kupikia, na hii mimi naipenda zaidi kwa mrehani na giligilani, kwa sababu mafuta yanazuia hewa isilifikie jani na kipande kinatupwa moja kwa moja kwenye sufuria ya kukaangia. Ya maji napelekea supu. Neno moja tu: vipande vya mafuta vikitoka friza viende jikoni papo hapo, visikae mezani. Sababu iko mbele kidogo.

Mrehani una kisa chake. Ukiugandisha hivi hivi unakuwa mweusi, kwa kuwa vimeng'enya vilivyomo kwenye jani vinaendelea na kazi ya kulitia weusi, kama tofaa lililokatwa. Dawa yake ni maji ya moto: tumbukiza majani kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 5 hadi 10, toa, zamisha kwenye maji ya barafu, kausha kwa kitambaa, ndipo ugandishe. Unapoteza harufu kidogo, unapata kijani. Kama unaficha jani ndani ya mchuzi mwekundu hata hivyo, usihangaike, jani jeusi halitamdhuru mtu.

Friza iwe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Baada ya miezi 6 hivi ladha huanza kunywea, ingawa chakula chenyewe bado ni salama.

Mafuta: njia nzuri kwa macho, ya hatari kabatini

Chupa ya mafuta yenye kitawi cha rozimeri ndani, imekaa dirishani jua likiipitia. Umeiona mara nyingi. Naomba usiitengeneze, angalau si kwa namna hiyo.

Majani yanatoka kwenye udongo, na udongo una mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu hizo hazifi kwa maji yanayochemka. Kwenye hewa ya kawaida hazikui, lakini zikipata mahali pasipo hewa, pasipo ukali wa asidi, penye unyevu kidogo na joto la chumbani, zinaamka na kutengeneza sumu inayopoozesha misuli, hadi ya kupumulia. Jani bichi ndani ya mafuta linatimiza masharti yote hayo. Kitunguu saumu ndani ya mafuta vilevile. Na sumu hiyo huwezi kuitegemea ijitangaze kwa harufu, rangi wala ladha.

Kwa hiyo mafuta yenye majani mabichi ni ya friji tu, na ya kutumika ndani ya siku 4. Zaidi ya hapo ni friza. Ukitaka mafuta ya kukaa nje, tumia majani yaliyokauka kabisa, maana bila maji bakteria huyo hana pa kuanzia. Ipo pia njia ya kuyatia majani asidi ya sitriki kwanza, iliyofanyiwa kazi na Chuo Kikuu cha Idaho huko Marekani: majani ya mrehani, oregano au rozimeri hulowekwa kwenye maji yenye asilimia 3 ya asidi hiyo kwa saa 24, sehemu moja ya majani kwa kumi za maji hayo kwa uzito. Inahitaji mizani na kufuata kipimo bila kukadiria. Kama wewe ni wa kukadiria kwa kiganja, hii si yako.

Chumvi na siki

Chumvi ni ya zamani kuliko friza zote na bado naiona inadharauliwa. Inavuta maji kutoka kwenye jani na kuyashika, wadudu wa kuozesha wakakosa ya kunywa. Tandaza chumvi chini ya chupa, panga majani, chumvi tena, majani tena, umalizie na chumvi. Mrehani hukaa hivi ukilegea na kuwa mweusi kidogo, ila harufu yake ni ya karibu zaidi na ubichi kuliko ya mkavu. Au katakata majani makavu ya rozimeri na thaimu, changanya na chumvi ya mawe, upate chumvi ya kunukia ya kunyunyizia nyama na viazi. Ya majani mabichi mimi huiweka friji, ya majani makavu naiacha kabatini. Hasara yake iko wazi: kila unapotaka ladha ya jani unapata na chumvi. Mtu aliyeshauriwa kupunguza chumvi aipite njia hii.

Siki ni salama kwa sababu ya asidi, mradi iwe ya asilimia 5 na usiichanganye na maji. Ipashe moto hadi karibu kuchemka, imimine juu ya majani safi ndani ya chupa iliyochemshwa dakika 10, funika, weka gizani wiki tatu au nne, kisha chuja uyatoe majani. Lakini tusidanganyane, hapo hukuhifadhi jani. Umehifadhi siki yenye harufu ya jani, na inafaa kwa saladi na kulowekea nyama, basi.

Kama ni ya wiki hii tu

Mara nyingine huhitaji kuhifadhi, unahitaji siku kumi. Giligilani na pasli zichukulie kama maua: kata ncha za mashina, simamisha kwenye glasi ya maji, funika juu kwa mfuko uliolegea, tia friji, badilisha maji yakichafuka. Rozimeri na thaimu zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo ndani ya mfuko, zinafika hata wiki mbili.

Mrehani usiupeleke friji. Ni mmea wa joto, na baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi inaujeruhi, ndiyo yale madoa meusi unayoyakuta asubuhi. Glasi ya maji juu ya meza inautosha, na mara nyingi unaotesha mizizi humo humo, ukawa umepata mche mwingine ambao hukuuomba.

Mimi ningechagua hivi

Oregano, thaimu na seji, kausha bila kusita. Oregano kavu nadhani hata inaishinda mbichi, kwani ule ukali wa kuchoma ulimi unatulia. Nanaa ya chai kausha, ya kinywaji baridi gandisha kwenye vipande vya maji. Mchaichai ukate vipande kabla ya kuukausha, maana ukikauka mrefu unakuwa kama ufagio na mkasi unagoma. Pasli na shibiti ni za friza, shibiti ukiikausha utapata kitu lakini kidogo. Mrehani, kama nafasi ipo, vipande vya mafuta kwenye friza, na kama haipo, chumvi. Kuukausha kwangu ni chaguo la tatu.

Rozimeri hunipa shida kuiweka kwenye orodha. Inakauka vizuri, inaganda vizuri, lakini ni kichaka kisichopukutisha majani, na mahali pasipo baridi ya kuua mimea ghala lake bora ni shina lenyewe. Ninayoikausha ni ile niliyopogoa tu, isiende bure.

Chochote utakachochagua, andika jina na tarehe kabla hujafunga. Pasli na giligilani zikishakatwakatwa na kuganda hata aliyezipanda hazitambui. Na chupa ya mwaka jana usiitupe kwa kalenda pekee: fikicha majani kidogo, nusa, na kama inabidi uyatafute harufu yake, yapeleke kwenye mboji.

Imebaki giligilani. Jani lake ni la friza, hilo nimeshalikubali. Lakini ule mmea ulioacha kutoa majani mapana na kuanza kurefuka na kuchanua, ambao zamani niling'oa kwa hasira, sasa nauacha. Maua yakigeuka mbegu na mbegu zikaanza kuwa kahawia, nakata vichwa, nakitumbukiza kila kichwa kwenye mfuko wa karatasi na kuuning'iniza. Baada ya wiki moja au mbili nautikisa. Mbegu zinadondoka zenyewe, zinakaa chupani kwa muda mrefu kuliko jani lolote, na ukizikaanga kidogo kabla ya kusaga hazina hata chembe ya nyasi.